Usingizi wa Mtoto Hauko Kwenye Chupa

Katika milima ya Usambara, mtoto mchanga akilia usiku wa tatu mfululizo, swali la kwanza asubuhi huwa ni hili: "Mmempa nini?" Bibi anauliza, jirani anayepita na ndoo ya maji anauliza, na mama mkwe anapiga simu kutoka Lukozi kuuliza hilohilo. Mama akijibu kwamba hajampa kitu zaidi ya ziwa, anaonekana mzembe. Hapo ushauri unamiminika. Mtoto ana mchango, mchemshie mizizi. Ametazamwa kwa jicho baya, mfunge mvuje. Hashibi, mkorogee uji mwepesi. Nenda duka la dawa, kuna maji ya chupa yanayowalaza watoto wote.

Nasema bila kuzunguka: imani kwamba mtoto anayelia usiku lazima apewe dawa ni ya uongo, na inawaumiza watoto wetu na mama zao. Mtoto wa wiki sita anayenyonya vizuri, anayeongezeka uzito, na ambaye usiku anaamka na kulia, hana mchango. Yuko katika njia ile ile waliyopita watoto wote tangu watu waanze kuzaa. Hakuna mzizi, hirizi, uji wala maji ya dukani yanayoweza kumpa usingizi ambao mwili wake bado haujaujua. Kinachokosekana katika nyumba hiyo ni mikono ya kumsaidia mama, na chupa inaletwa ili mikono hiyo isitafutwe.

Tuitazame dawa yenyewe kwa karibu. Nenda gulioni, Soni au Mlalo, upande wa wauza tumbaku na miti shamba. Dawa ya mchango imepangwa chini juu ya kiroba: vipande vya mizizi vyenye urefu wa kidole, vimefungwa kwa kamba ya mgomba, na pembeni chupa za soda zilizojazwa maji ya rangi ya chai ya mkandaa. Chupa haina jina la mmea, haina tarehe, haina kipimo. Maelekezo ni ya mdomo: kijiko asubuhi, kijiko jioni, mpaka iishe. Mtoto wa kilo tatu na mtoto wa kilo nane wanapewa kijiko kilekile. Hakuna mzazi anayeweza kukuambia mwanawe amenywa nini, na yakimkuta ya kumkuta, hakuna muuguzi atakayeweza kujua.

Sasa tuutazame usingizi. Mtoto anapozaliwa, mwili wake bado hautenganishi usiku na mchana. Huchukua miezi miwili hadi mitatu hivi ndipo unapoanza kujua kwamba giza ni la kulala. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto wa chini ya miezi minne anahitaji kulala saa 14 hadi 17 kwa siku, lakini saa hizo zinakuja vipande vipande. Mzunguko mmoja wa usingizi wake ni kama dakika 50 hadi 60, wakati wa mtu mzima unakaribia dakika 90. Karibu nusu ya usingizi wake ni ule mwepesi, ambao macho yanachezacheza chini ya kope, mdomo unajikunja, mtoto anaguna, anatabasamu, anarusha mguu. Tumbo lake ni dogo na maziwa ya mama yanasagika upesi. Kuamka kila baada ya saa mbili au tatu kutafuta ziwa ndiko kunakomkuza.

Watu wazima wanaomtazama wanaona mambo mengine. Mtoto akirusha mikono yote miwili ghafla kama anayeanguka, vidole vimetanuka, kisha akajikunyata na kulia, utasikia: "Anashtuka, kuna kitu anakiona." Mvuje unatafutwa, unafungwa katika kitambaa cheusi na kuvikwa mkononi. Mshtuko huo una maelezo yake. Daktari wa watoto Ernst Moro wa Heidelberg, Ujerumani, aliuandika mwaka 1918, na hadi leo madaktari wanauita kwa jina lake. Kila mtoto mwenye afya anazaliwa nao, na unatoweka katika umri wa miezi minne hadi sita. Kwenye wodi za wazazi daktari huujaribu kwa makusudi, na asipouona ndipo anapopata wasiwasi. Kile ambacho familia inakichukulia kuwa dalili ya shetani ni dalili kwamba mishipa ya fahamu ya mtoto inafanya kazi.

Kilio nacho kina ratiba yake. Mwaka 1962 daktari T. Berry Brazelton wa Marekani alichapisha matokeo ya kazi aliyowaomba akina mama waifanye: kuandika kila siku watoto wao walilia kwa muda gani. Ilionekana kwamba kilio kinaanza kuongezeka wiki ya pili, kinafika kileleni karibu na wiki ya sita, kisha kinashuka, na mtoto anapofikisha miezi mitatu hivi kimepungua sana. Saa zake mbaya ni jioni na usiku wa mapema. Mtu anaweza kusema hao ni watoto wa Wazungu, wanaolazwa peke yao kwenye vitanda vyao. Ronald Barr na wenzake walilijibu hilo mwaka 1991 kwa kuwatazama watoto wa Wasani wa Kalahari, ambao hubebwa karibu mchana kutwa na kunyonya mara nyingi mno. Hao pia walilia zaidi katika miezi ya kwanza kuliko baadaye. Tofauti ilikuwa kwamba kila kilio kilikuwa kifupi. Mlima na mlima hukutana katika jambo hili: kilio cha miezi mitatu ya mwanzo ni cha mtoto wa binadamu popote alipo.

Hapo ndipo nguvu ya dawa ya mchango inapotoka. Familia haikimbilii mizizi wiki ya kwanza. Inavumilia, inavumilia, na kwenye wiki ya sita au ya saba, kilio kikiwa kileleni na watu wote wamechoka, inakwenda gulioni. Chupa ya kwanza inaisha, ya pili inanunuliwa. Ikifika katikati ya chupa ya tatu, mtoto ana miezi mitatu na usiku umetulia. Nyumba nzima inashukuru mizizi. Mtoto angetulia siku ileile kama wangempa chupa tupu aishike. Na kama hakutulia, jibu lipo tayari: mchango wake ni mkali, aongezewe dozi. Akitulia, dawa imefanya kazi. Asipotulia, dawa haijatosha. Imani ambayo haikubali kushindwa kwa matokeo yoyote yale haijawahi kuthibitishwa na matokeo yoyote.

Wako watakaosema wameona kwa macho yao mtoto akinywa dawa jioni na kulala mpaka asubuhi. Nawaamini. Hilo ndilo linalonitisha zaidi. Mtoto wa mwezi mmoja anayelala saa nane bila kuamka kunyonya baada ya kunyweshwa maji ya mizizi amepumbazwa. Ubongo wake umezimwa na kitu ambacho hakuna anayejua kiasi chake. Amekosa manyonyo matatu au manne ya usiku. Matiti ya mama hutengeneza maziwa kulingana na kunyonywa. Yasiponyonywa usiku, yanapunguza. Baada ya wiki chache mama kweli hana maziwa ya kutosha, na uji unaingia kwa mlango uliofunguliwa na dawa.

Watu wanasema kijiko kimoja hakina madhara. Lakini figo za mtoto mchanga haziwezi kutoa maji mengi kama za mtu mzima. Maji yakizidi, chumvi katika damu inapungua, na ikipungua sana mtoto anapata degedege. Fikirieni mzunguko huo: mtoto halali, ananyweshwa maji ya dawa, anapata degedege, na degedege inachukuliwa kuwa ushahidi kwamba kweli alikuwa na jambo la kienyeji, hivyo anarudishwa kwa yuleyule aliyempa maji. Ini lake nalo bado changa. Katika miaka ya 1950 madaktari wa Jamaica walieleza ugonjwa wa ini uliokuwa ukiwapata watoto walionyweshwa chai za majani ya porini. Mishipa midogo ya damu ndani ya ini ilikuwa ikiziba. Miongoni mwa mimea iliyolaumiwa ni ya jamii moja na marejea tunayoyajua hapa kwetu. Wale wazazi wa Jamaica waliwapenda watoto wao kama sisi tunavyowapenda wetu. Chai ile ilikuwa ya asili, na asili haikuwalinda.

Asali nayo inahesabiwa kuwa dawa isiyo na lawama, na Usambara ina asali nzuri. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapaswi kulambishwa hata kidogo, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo tumbo la mtu mzima linazishinda lakini katika utumbo wa mtoto zinatoa sumu inayolegeza misuli mpaka ya kupumua.

Na mizizi ikishindwa, familia nyingine haiishii hapo. Inahamia kwenye wembe. Kimeo kinakatwa kwa sababu mtoto analia na kukohoa. Ufizi unachimbwa kutoa kile kinachoitwa meno ya plastiki, ambacho ni vichipukizi vya meno ya utotoni vilivyo mahali pake. Madaktari wa meno wa Tanzania waliandika juu ya uharibifu huu tangu miaka ya 1990: damu nyingi, maambukizi, na meno yasiyoota tena. Kijiko cha mizizi na wembe vimo katika safari moja. Aliyekubali kwamba kilio cha mtoto lazima kitolewe na mtu wa nje amekwisha kupanda gari, na hajui litamshusha wapi.

Nisije nikaeleweka kwamba namtetea mwenye duka dhidi ya mwenye mizizi. Imani ni ileile, imevaa koti jeupe tu. Gripe Water iliyojaa kwenye rafu zetu ilianzia Nottingham, Uingereza, mwaka 1851, kwa mfamasia aliyeitwa William Woodward. Maji yale ya mwanzo yalikuwa na mafuta ya shibiti, magadi, sukari na kilevi. Vizazi vya watoto wa Kizungu na wa makoloni vililazwa kwa pombe na sukari, na mama zao wakaambiwa gesi imetoka. Siku hizi kilevi kimeondolewa katika nyingi, lakini mtoto wa chini ya miezi sita bado hazihitaji. Marekani, tangu mwaka 1849, iliuza Mrs. Winslow's Soothing Syrup, dawa ya kutuliza watoto wanaoota meno. Ndani yake mlikuwa na mofini. Watoto walilala, wengine hawakuamka, na mwaka 1911 Chama cha Madaktari cha Marekani kiliiweka katika orodha ya dawa kilizoziita wauaji wa watoto. Kwa zaidi ya miaka sitini akina mama wenye nia njema waliitolea ushuhuda mzuri: mtoto alikuwa halali, sasa analala.

Kwetu, hatari hiyo leo inaitwa dawa ya mafua. Mzazi anashauriwa ampe mtoto kidogo tu kabla ya kulala, kwa kuwa inaleta usingizi. Promethazini, iliyomo katika baadhi ya dawa hizo, inaweza kuzuia mtoto asipumue. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kali mwaka 2004 kwamba isitumiwe kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka miwili. Muuza duka anayempa mama chupa hiyo ili mtoto alale anafanya kosa kubwa kuliko mwenye mizizi, kwa sababu yeye amesoma.

Nchi yetu imepiga hatua. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, asilimia 64 ya watoto wa chini ya miezi sita wananyonyeshwa maziwa ya mama pekee. Mwaka 2015–16 walikuwa asilimia 59. Maana yake ni kwamba zaidi ya theluthi bado wanapewa kitu kingine, maji, uji au dawa, miaka zaidi ya ishirini tangu Shirika la Afya Duniani liseme mwaka 2001 kwamba miezi sita ya kwanza maziwa ya mama peke yake yanatosha. Akina mama hawa walisikia ujumbe kliniki. Waliupeleka nyumbani, wakazidiwa nguvu huko.

Sasa nije kwenye hoja nzito kuliko zote, ile inayosemwa na wazee wetu kwa heshima na kwa uchungu: mnatudharau, hii ni mila yetu, na ninyi wenyewe mmelelewa nayo. Wazee wangu, siidharau tiba asili. Serikali imeitambua kwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na ikaunda Baraza la kusajili waganga na dawa zao. Muhimbili imekuwa na kitengo cha kuchunguza dawa hizi tangu mwaka 1974. Misitu ya Magamba na Shagayu ina miti yenye nguvu halisi, na kwa sababu ina nguvu halisi, haipaswi kumiminwa bila kipimo katika kinywa cha mtoto wa siku arobaini. Anayeamini kweli kwamba mzizi unatibu lazima aamini pia kwamba mzizi unaweza kuua. Kuhusu kulelewa nayo, sisi tuliopo ndio tuliobaki. Katika kila ukoo wa milima hii kuna majina ya watoto waliozikwa wachanga, na hao hawaitwi kutoa ushahidi.

Tena, mila iliyomlaza mtoto wa Kisambaa na wa pwani ilikuwa kubwa kuliko chupa. Mzazi alikaa ndani siku arobaini. Aliandaliwa uji wa pilipili manga, maji yake yalipashwa moto na mtu mwingine, kuni zilikatwa na mtu mwingine, na usiku mama yake mzazi au shangazi alilala chumba kimoja naye ili ampokee mtoto. Wahenga waliliweka wazi: mkono mmoja haulei mwana. Arobaini ilipokwisha, mtoto aliingia kwenye mbeleko na kukaa mgongoni, akisikia mwendo na joto. Hiyo ndiyo tiba ya asili iliyokuwa ikifanya kazi, na hakuna aliyehitaji kuiita tiba.

Uchunguzi wa kisasa umeirudishia heshima mila hiyo. Mwaka 1986, huko Montreal, Hunziker na Barr waliwaomba baadhi ya wazazi wawabebe watoto wao kwa muda mrefu zaidi kila siku, hata kama hawalii. Kufikia wiki ya sita watoto hao walilia pungufu kwa asilimia 43 kuliko wenzao, na jioni pungufu kwa asilimia 51. Mwaka 2022 watafiti wa taasisi ya RIKEN ya Japani walionesha kwamba mtoto anayelia akibebwa na mtu anayetembea kwa dakika tano hutulia, na karibu nusu husinzia. Kisha mbebaji akikaa naye dakika tano hadi nane zaidi kabla ya kumlaza, mtoto ana nafasi kubwa ya kuendelea kulala. Mwanamke wa Mtae anayezunguka uwanja na mtoto mgongoni jioni, halafu akakaa kidogo juu ya kigoda kabla ya kumfungua, alikuwa anafanya hivyo kabla ya maabara yoyote.

Tumeitupa sehemu hiyo ya mila na kubakiza chupa. Leo mama wa Usambara anajifungua, na wiki chache baadaye yuko shambani, kwenye mteremko, anapalilia karoti au anapakia kabichi za kwenda Dar es Salaam. Jioni anachota maji, anapika, anafua nepi za vitambaa kwa maji ya baridi. Mume ameteremka mjini kutafuta riziki, au yupo na anasema kelele za mtoto zinamnyima usingizi. Mwajiriwa ana siku 84 za likizo ya uzazi kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na baba ana siku tatu. Mkulima wa Kwai au Bumbuli hana hata moja. Katika hali hiyo mtoto anapolia usiku, nyumba inamtazama mtoto na kusema ana ugonjwa. Hakuna anayemtazama mama.

Ndiyo maana naipinga imani hii kwa nguvu zote. Madhara ya kijiko ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba inamgeuza mama kuwa mshtakiwa. Maziwa yake mepesi. Alitoka nje kabla ya wakati. Alimwonesha mtoto kwa mtu mwenye kijicho. Majirani wanavunjiana heshima na wakwe wananuniana kwa sababu ya kilio ambacho kingekwisha chenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona. Usiku mwingi bila usingizi ni mzigo mkubwa juu ya mama kama huyo. Tunamnywesha dawa mtoto mzima, na mama aliyezidiwa yuko pembeni anashika kijiko.

Usaidizi wenyewe haugharimu mizizi wala safari ya gulioni. Mtoto akishanyonya saa mbili usiku, baba ampokee, amfunge kifuani au mgongoni, atembee naye, na mama alale usingizi wa moja kwa moja mpaka nyonyo linalofuata. Hizo saa mbili tatu zinamrudishia mama uhai. Bibi ambaye alikuwa anakwenda kutafuta dawa abaki nyumbani amshike mjukuu mchana ili mzazi ajinyooshe. Shangazi aje afue. Mtoto alazwe chali, ndani ya chandarua, taa ikiwa hafifu na mazungumzo yakiwa machache, ili ajifunze usiku ni nini. Mchana aachwe kwenye mwanga na kelele za watu. Kumpaka mafuta na kumkanda kwa upole hakuna ubaya, mradi mikono iwe safi na pasiwe na nguvu. Na katika baridi ya Juni na Julai, avikwe kofia na soksi, abanwe kifuani kwa mama, lakini jiko la mkaa lisiingizwe chumbani. Hewa yake haina harufu, na inaua watu wazima usingizini, sembuse mtoto.

Lipo pia jambo ambalo imani ya mchango inalificha, nalo ni ugonjwa wa kweli. Mtoto mchanga asiyetaka kunyonya, mwenye homa au aliyepoa kuliko kawaida, anayepumua kasi mara 60 au zaidi kwa dakika, ambaye kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, aliyepata degedege, ambaye viganja na nyayo zimekuwa za njano, ambaye kitovu kimevimba wekundu au kinatoa usaha, au anayelegea asijisogeze mpaka aguswe, huyo hasubiri chupa iishe. Anapelekwa zahanati au hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana. Kwa mujibu wa utafiti uleule wa mwaka 2022, Tanzania ilikuwa bado inapoteza watoto 24 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa hai kabla hawajatimiza mwezi mmoja. Kila siku inayotumika kujaribu mizizi kwa mtoto wa aina hii ni siku iliyoibwa kutoka kwenye matibabu yake.

Kwa wauguzi wetu nina ombi moja kubwa. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyefanya utafiti Usambara tangu miaka ya 1960, alieleza jinsi uamuzi wa tiba katika milima hii unavyofanywa na ndugu wanaomzunguka mgonjwa. Kliniki zetu bado zinamfundisha mama peke yake, kwenye benchi, kadi mkononi, kisha zinamrudisha katika nyumba ambayo yeye ndiye mwenye sauti ndogo kuliko wote. Mahudhurio ya wiki ya kwanza na ya siku ya 42 yawe ya familia. Mama mkwe aitwe kwa heshima yake, aketi, aelezwe kilele cha wiki ya sita kabla hakijafika, ili kikifika akitambue. Mama mkwe aliyeelewa atamlinda mkaza mwana wake dhidi ya majirani kuliko bango lolote la afya. Baba naye aitwe, aoneshwe namna ya kufunga mbeleko. Masheikh na wachungaji wa milima hii wanasikilizwa. Waliseme hili kwenye akika na kwenye ubatizo, watu wakiwa wamekusanyika kumfurahia mtoto.

Na halmashauri za Lushoto na Bumbuli ziache kuitazama biashara ya dawa ya mchango gulioni kama jambo dogo la akina mama. Sheria inataka mganga na dawa yake wasajiliwe. Chupa isiyo na jina inayouzwa kwa ajili ya kinywa cha mtoto mchanga iondolewe sokoni, na duka la dawa linalouza dawa ya mafua kama dawa ya usingizi wa watoto lichukuliwe hatua ileile. Mtoto hawezi kukataa kijiko kinachowekwa mdomoni mwake. Sisi watu wazima ndio tunaopaswa kukataa kwa niaba yake, na kisha kumbeba.